Majawabu manane, kumbe ni moja

Msomaji mpenzi, leo tafuta karatasi, penseli na vizibo tisa vya soda. Viandike vizibo hivyo nambari, kuanzia 1 hadi 9. Kisha chora mraba na uugawe katika visanduku tisa: vitatu juu, vitatu katikati na vitatu chini. Kazi yako ni kuvipanga vizibo ndani ya visanduku hivyo ili kila mstari wa mlalo, kila mstari wa wima na kila mshazari, yaani ule mstari unaotoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, uwe na jumla ile ile.

Fumbo hili huitwa mraba wa ajabu, nalo ni la kale mno. Wachina wana hadithi ya kobe aliyetoka katika mto Luo akiwa na mraba huu mgongoni mwake, umechorwa kwa vitone. Katika pwani yetu, visanduku vya tarakimu viliandikwa kwenye hirizi, na huenda nyanya yako aliwahi kuviona. Katika karne ya 18, mwanachuoni Muhammad ibn Muhammad al-Fulani al-Kishnawi, mzaliwa wa Katsina katika nchi ambayo sasa ni Nigeria, aliandika kitabu kuhusu miraba hii akiwa Cairo, mji aliofia mwaka wa 1741. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba hesabu za aina hii ni za Wazungu peke yao.

Lakini sikulileta fumbo hili kwa ajili ya historia. Nimelileta kwa sababu watoto wetu wengi sasa wanafundishwa kutunga programu za tarakilishi, au kompyuta kama wengi tunavyosema. Mwaka wa 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa somo hilo kwa shule za msingi na za upili. Wako pia wazazi wanaojinyima ili kulipia masomo ya likizo. Swali ninalotaka tulitazame leo ni hili: mtoto huyo anajifunza kufikiri, ama anajifunza kuiachia mashine ifikiri kwa niaba yake? Mraba wa ajabu ni mizani nzuri ya kulipimia jambo hilo.

Kujaribu yote

Tuanze na mwanafunzi mwenye haraka. Huyu atasema, "Mashine ina kasi, basi niiambie ijaribu kila mpangilio, na ule utakaofaa iuchapishe." Je, mipangilio ni mingapi? Kisanduku cha kwanza kinaweza kupewa nambari yoyote kati ya tisa, cha pili yoyote kati ya nane zilizobaki, cha tatu yoyote kati ya saba, na kuendelea. Zidisha 9 mara 8 mara 7 hadi ufike 1, nawe utapata 362,880.

Binadamu akijaribu mipangilio hiyo yote kwa vizibo atazeeka, lakini tarakilishi itaimaliza kabla hujameza funda la chai. Na itampa mwanafunzi wetu majawabu manane. Atafurahi, atafunga daftari, na atadhani kwamba amelijua fumbo.

Sasa mpe kazi ya pili. Mwambie achore mraba wa visanduku 16, vinne kwa vinne, na apange nambari 1 hadi 16. Programu ni ile ile, ila tu nambari zimeongezeka. Mipangilio sasa ni 20,922,789,888,000. Tuseme mashine yake inaweza kukagua mipangilio milioni moja kwa kila sekunde. Itachukua siku 242 kuimaliza yote. Hiyo ni miezi minane, mashine ikinguruma usiku na mchana, na mzazi akinunua tokeni za stima.

Na akitaka mraba wa tano kwa tano? Hapo hata tukimpa mashine yenye kasi mara elfu moja zaidi, inayokagua mipangilio milioni elfu moja kwa sekunde, atahitaji takriban miaka milioni 490. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na huu ndio ukingo wenyewe. Kasi peke yake haitoshi.

Kufikiri kabla ya kubonyeza

Basi turudi kwenye vizibo vyetu tisa, tutumie kichwa kwanza. Nambari zote kutoka 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45. Mistari ya mlalo ni mitatu na jumla zake zinalingana, kwa hivyo kila mstari ni 45 gawanya kwa 3, yaani 15. Bila kukisia chochote, tayari tunajua jumla tunayoitafuta.

Sasa tazama kisanduku cha katikati. Mistari minne inapita hapo: mlalo wa katikati, wima wa katikati na mishazari miwili. Jumla ya mistari hiyo minne ni 15 mara 4, yaani 60. Mistari hiyo inagusa kila kisanduku mara moja, isipokuwa kile cha katikati ambacho kinaguswa mara nne. Kwa hivyo hiyo 60 ni ile 45 ya nambari zote, na juu yake katikati imeongezwa mara tatu zaidi. Toa 45 kwenye 60, zinabaki 15. Gawanya kwa 3, utapata 5. Katikati lazima iwe 5, na hakuna nambari nyingine inayoweza kukaa hapo.

Tuendelee. Nambari 1 itakaa wapi? Ni njia mbili tu za kupata 15 ukiitumia 1: ni 1, 5 na 9, au 1, 6 na 8. Kisanduku cha pembeni kinapitiwa na mistari mitatu: mlalo, wima na mshazari. Nambari 1 ina mistari miwili tu, kwa hivyo haiwezi kukaa pembeni. Itakaa katikati ya ubavu mmoja, 9 itakaa mkabala nayo, na 6 na 8 zitakaa kushoto na kulia kwake. Zilizobaki zinajipanga zenyewe:

2   7   6
9   5   1
4   3   8

Jumlisha upande wowote uutakao, jumla ni 15. Hatukujaribu mipangilio 362,880. Hatukujaribu hata kumi.

Karatasi dirishani

Lakini tarakilishi ya mwanafunzi wetu ilisema majawabu ni manane. Je, ilikosea? La, haikukosea. Ilifanya vile ilivyoagizwa.

Andika mraba huo kwenye karatasi nyembamba, wino ukoze ili uonekane upande wa pili. Iweke mezani. Sasa izungushe karatasi robo moja: pembe iliyokuwa na 2 itakuwa kwingine, lakini mistari yote bado ni 15. Izungushe robo nyingine, na nyingine tena. Umepata miraba minne. Sasa igeuze karatasi nyuma na uitazame kwenye mwangaza wa dirisha. Hapo utaona mraba mwingine, kama uso kwenye kioo. Huo nao uzungushe mara nne. Jumla ni minane.

Kumbe majawabu yale manane ni karatasi moja iliyogeuzwageuzwa! Jambo hili la kitu kugeuzwa na kubaki na sifa zake ndilo wanahesabu wanaloliita ulinganifu. Mwenye kuuona ulinganifu hufanya kazi mara moja, na mwenye kutouona huirudia ile ile mara nane akidhani anafanya mambo manane. Yule wa pili anafanana na mtu aliyehesabu watoto wa jirani, akamhesabu mmoja mara nane kwa kuwa kila alipopita alikuwa amevaa shati tofauti.

Je, tutaiambiaje tarakilishi isihesabu mashati? Tuipe masharti mawili mepesi. Sharti la kwanza: nambari iliyo kwenye pembe ya juu kushoto iwe ndogo kuliko zile za pembe nyingine tatu. Hapo kuzungusha hakutawezekana tena, kwa sababu pembe ndogo ni moja tu na tumeipa mahali pake. Sharti la pili: nambari iliyo kulia kwa pembe hiyo iwe ndogo kuliko ile iliyo chini yake. Hapo kugeuza karatasi nako kumezuiwa. Katika kila kundi la ndugu wanane, mmoja tu ndiye atakayetimiza masharti hayo. Mraba niliouchora hapo juu unayatimiza: 2 ni ndogo kuliko 4, 6 na 8, nayo 7 ni ndogo kuliko 9.

Kurudi kwenye njia panda

Sasa tuko tayari kuukabili mraba wa nne kwa nne. Nambari 1 hadi 16 zina jumla ya 136. Gawanya kwa mistari minne, kila mstari ni 34. Mraba mashuhuri wa aina hii ulichorwa na Mjerumani Albrecht Dürer katika mchoro wake uitwao Melencolia I:

16   3   2   13
5   10   11   8
9   6   7   12
4   15   14   1

Tazama mstari wa chini. Nambari mbili za katikati ni 15 na 14, na mchoro huo ulitengenezwa mwaka wa 1514. Fundi huyo alijua kuficha tarehe.

Ukimtuma mtu akutafutie nyumba katika mtaa wenye vichochoro vingi, hatarudi stendi ya matatu kila anapokuta ukuta. Atarudi hatua chache tu, mpaka njia panda ya mwisho, ajaribu kichochoro kingine. Programu nzuri hufanya vivyo hivyo. Inaweka nambari moja, inakagua, inaweka ya pili, inakagua. Ikiona mambo hayawezekani inaiondoa ile ya mwisho na kujaribu nyingine. Mistari miwili ya kwanza ikiharibika, kwa nini ihangaike kujaza miwili iliyobaki?

Zaidi ya hayo, visanduku vingi havihitaji kukisiwa. Ukishaweka nambari tatu katika mstari, ya nne umeshaijua: ni 34 toa jumla ya zile tatu. Weka tatu za mstari wa kwanza, ya nne imepatikana. Weka mbili zaidi katika wima wa kushoto, ya chini imepatikana. Weka mbili za katikati katika mstari wa pili, na zilizobaki zote zitafuatana zenyewe kama shanga katika uzi. Ukihesabu utaona kwamba umechagua nambari saba tu, na tisa zimekuja kwa kujumlisha na kutoa.

Kwa hivyo majaribio ni 16 mara 15 mara 14 mara 13 mara 12 mara 11 mara 10, ambayo ni 57,657,600. Mashine ile ile ya milioni moja kwa sekunde, iliyohitaji siku 242, sasa itamaliza kwa sekunde 58. Ongeza masharti yetu mawili ya ulinganifu, na hata dakika hiyo itapungua sana. Mashine haikubadilishwa, wala hakuna shilingi iliyotumika. Kilichobadilika ni fikira ya aliyeiagiza.

Itakapomaliza itakupa miraba 880. Bila yale masharti mawili ingekupa 7,040, yaani 880 mara 8. Na hapa kuna jambo la kushangaza: hiyo 880 haikugunduliwa na tarakilishi. Mfaransa Bernard Frénicle de Bessy aliipata kwa kalamu na karatasi, na orodha yake ikachapishwa mwaka wa 1693 baada ya kifo chake. Angejaribu kila mpangilio asingefika popote. Alifika kwa sababu alijua kipi cha kutojaribu.

Ndugu waliojificha

Msomaji huenda akadhani kwamba kugeuza karatasi ndio mwisho wa ulinganifu. Sivyo. Chukua mraba wa Dürer. Badilishana mstari wa pili na wa tatu wa mlalo. Kisha badilishana wima wa pili na wa tatu. Utapata huu:

16   2   3   13
9   7   6   12
5   11   10   8
4   14   15   1

Kila mstari bado ni 34, hata mishazari. Lakini huwezi kuupata kwa kuzungusha karatasi wala kwa kuigeuza dirishani. Pembe zimebaki palepale, ya ndani ndiyo yaliyohama. Huyu ni ndugu wa kweli ambaye macho hayamtambui upesi. Njia nyingine ni kubadilishana mstari wa kwanza na wa pili, na wa tatu na wa nne, kisha kufanya hivyo hivyo kwa mistari ya wima.

Tukiyaunganisha mageuzi haya na yale manane ya karatasi, kila mraba wa nne kwa nne una familia ya miraba 32. Ile 7,040 ukiigawanya kwa 32 unapata 220 kamili. Kwa hivyo aliyedhani kuna mambo 7,040 ya kutafuta, kwa hakika alikuwa na 220 tu.

Kuna siri moja zaidi ambayo itakusaidia baadaye leo. Jumlisha pembe nne za mraba wa Dürer: 16, 13, 4 na 1. Ni 34. Jumlisha visanduku vinne vya ndani kabisa: 10, 11, 6 na 7. Ni 34 tena. Hii si bahati ya Dürer. Ni lazima iwe hivyo katika kila mraba wa ajabu wa nne kwa nne. Sababu ni nyepesi. Mstari wa juu na wa chini kwa pamoja ni 68, nao una pembe nne na visanduku vinne vilivyo kati yake. Wima mbili za katikati pia ni 68, nazo zina visanduku vile vile vinne, pamoja na vinne vya ndani. Kwa hivyo pembe na vya ndani lazima vilingane. Lakini mishazari miwili, ambayo pia ni 68, ni pembe nne na visanduku vinne vya ndani. Vitu viwili vinavyolingana na jumla yake ni 68, kila kimoja ni 34.

Mwanafunzi akiiweka siri hiyo ndani ya programu yake, inakuwa kama askari mlangoni: pembe zisipofika 34, rudi njia panda, usipoteze wakati.

Mashine ya 1973

Pengine utauliza, "Na ule mraba wa tano kwa tano wa miaka milioni 490?" Ulipatikana. Mwaka wa 1973 Mmarekani Richard Schroeppel alitunga programu, akaiendesha kwa takriban saa 100 kwenye mashine iitwayo PDP-10, ambayo ilikuwa na nguvu ndogo kuliko simu iliyo mfukoni mwako. Ilimpa miraba 275,305,224, bila kuhesabu ile inayotokana na kuzungusha na kugeuza karatasi. Hata hapo kuna ndugu waliojificha wa aina tuliyoiona, kila mmoja ana wenzake watatu. Ukigawanya kwa 4 unabaki na 68,826,306. Saa 100 mahali pa miaka milioni 490, na kwa mashine kongwe. Hiyo ndiyo tofauti ya kufikiri.

Mraba wa sita kwa sita ulikataa kwa muda mrefu zaidi. Ni mwaka wa 2024 tu ambapo Hidetoshi Mino alipata hesabu yake kamili: 17,753,889,197,660,635,632. Idadi hiyo huwezi kuihesabu kwa kuorodhesha mmoja mmoja, hata kwa mashine za leo. Ni lazima utafute njia ya kuhesabu mafungu kwa mafungu.

Neno kwa mzazi na mwanafunzi

Mzazi, mtoto wako akikuonyesha programu aliyoitunga, usiridhike kwa kuwa kioo kimejaa nambari. Muulize maswali matatu, na huhitaji kujua lolote kuhusu tarakilishi ili kuyauliza. La kwanza: "Umejuaje jumla ni 15?" La pili: "Majawabu haya manane yanatofautianaje?" La tatu: "Nikikupa mraba mkubwa zaidi, programu hii itachukua muda gani?" Akijibu yote matatu, pesa zako hazikupotea. Akikwambia "mashine ndiyo inayojua", mrudishe kwenye vizibo, bila kumgombeza.

Nawe mwanafunzi, siku hizi ziko mashine zitakazokupa mraba wa ajabu, na hata programu yenyewe, ukiziomba kwa sentensi moja. Sikukatazi kuzitumia. Lakini jawabu lililotolewa na mtu mwingine ni kama kanzu ya kuazima: haisitiri matako. Siku ya mtihani, au siku ya kazi, utapewa mraba ambao hakuna aliyeujibu, na mwendo wa kujaribu yote utakuonyesha miaka milioni. Atakayefaa siku hiyo ni yule aliyezoea kujiuliza kabla ya kubonyeza: kipi ni lazima, kipi ni kile kile kilichogeuzwa, na kipi hakihitaji kujaribiwa kabisa.

Fumbo la wiki

Huu hapa mraba wa nne kwa nne, jumla 34. Nimekupa nambari saba, tisa utafute mwenyewe bila kukisia hata moja. Nukta ni kisanduku kitupu.

10   5   8   .
3   16   13   .
15   .   .   .
.   .   .   .

Anza na mstari wa juu, kisha wa pili, kisha wima wa kushoto. Halafu tumia mshazari. Ukikwama katikati, kumbuka siri ya visanduku vinne vya ndani. Pembe ya chini kulia ikitokea 7, umefika salama.

Kisha jibu swali hili, nalo ndilo gumu: mraba huo ni ndugu wa ule wa Dürer. Ni mistari ipi iliyobadilishana mahali ili kuupata? Mtoto akilijibu hilo mezani mbele ya wenzake, mwachieni kipande kikubwa cha mkate. Tukutane Jumapili ijayo, penseli zikiwa zimechongwa.